Oili ya Stelingi kwa Gari Lisiloitumia

Nimekuja likizo Dar, hata wiki haijaisha nimeshagombana na fundi. Mdogo wangu ana Toyota IST anayobebea abiria, na alikuwa ametoka kuifanyia sevisi gereji moja huku Tabata. Akanionyesha risiti kwa furaha zote: oili ya injini, filta, kulanti (ile ya kupozea injini), na chini kabisa "oili ya pawa stelingi", 25,000. Nikamwambia turudi sasa hivi. Stelingi ya IST ni ya umeme. Kuna mota kwenye nguzo ya usukani, basi. Hakuna pampu, hakuna kikopo cha oili. Sasa hiyo ya 25,000 imemiminwa wapi?

Fundi mkuu swali hakulijibu. Alinitazama, akamtazama mdogo wangu, akasema, "Dada, we kaa kivulini unywe soda, mambo ya boneti tuachie sisi." Vijana wake wakaangua kicheko. Hela ameahidi kuikata kwenye sevisi ijayo, yaani haipo. Ila ile soda imenikaba mpaka leo.

Boneti sikuijua kwa mapenzi, nimefundishwa na bili. Kule Leicester, Uingereza, ninakoishi, gari langu liliwasha taa kwenye dashibodi nikalipeleka gereji. Kijana akaongeza kulanti na maji ya kuoshea kioo, dakika chache tu, akanikata pauni 45. Siwabadilishii, fanyeni hesabu wenyewe halafu mniambie hapa Tabata ningefanyiwa nini kwa hela hiyo. Kule hulipii kopo, unalipia muda wa mtu, na hakuna wa kumbembeleza "braza nifanyie basi, mwisho wa mwezi nitakutoa".

Aliyeniokoa ni jirani, mzee wa Kihindi aliyetimuliwa na Amin kutoka Kampala mwaka 1972, kama wengi walioishia Leicester. Kiswahili chake bado kipo. Nilimlilia kuhusu ile bili, Jumamosi akagonga mlango na tambara na faneli mkononi: "Mama, kuja hapa, iko rahisi." Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, macho mazito, lakini mtu wa miaka ile akikugongea mlango kwenye baridi utamwambia arudi kesho?

Alianza na injini iliyopoa, gari likiwa sehemu tambarare. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena. Oili isimame kati ya alama mbili. Ikipungua unaongeza kidogo kidogo huku unapima, kwa sababu ikizidi nayo ni balaa: kreki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. (IST inachukua lita 3.7 hivi pamoja na filta. Kopo ni la lita 4, na mafundi wetu huliinamisha lote.) Ukiona oili imekuwa rangi ya maziwa, usiongeze kitu wala usiwashe gari. Hapo maji yameingia, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba katikati ya injini na kichwa chake, imeungua.

Vifuniko navyo vinajieleza. Cha oili kina mchoro wa kama birika linalodondosha tone, cha maji ya kioo kina kioo chenye maji yanayoruka. Hilo ni muhimu kwetu, maana magari yetu yanatoka Japani na kitabu chake kipo kwenye droo ya dashibodi, kimejaa Kijapani, hakuna aliyewahi kukifungua.

Oili ya breki ndiyo iliyomkunja uso yule mzee. Ikishuka, usiongeze tu ukaondoka. Ama pedi za breki zimeisha ama kuna mahali inavuja. Weka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka kopo jipya, kwa sababu inanyonya unyevu wa hewani, na ikishanyonya inachemka mapema ukiwa unashuka mlima. Oili ya injini isiguse humo hata tone, inavimbisha mipira.

Sasa nimefungua IST ya mdogo wangu. Kwenye kikopo cha kulanti, ile iliyolipiwa juzi, nimekuta maji ya kahawia. Hapa Dar kila mtu ataniambia kulanti ni ya nchi za barafu. Kweli nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, lakini hiyo siyo kazi yake peke yake. Inachelewesha kuchemka na inazuia kutu. Sisi tunajaza maji ya kisima yenye chumvi, halafu tunakaa foleni ya Ubungo mchana wa Februari na AC imewashwa, tunashangaa mshale unapanda. Likichemsha, kijana wa sheli anakuja mbio na chupa anataka kufungua rejeta. Mkatalieni. Mle ndani kuna presha, maji ya moto yakikurukia usoni hakuna pole itakayosaidia.

Mnaonitumia meseji za viza, sikilizeni na hili. Leseni ya Bongo Uingereza inakubalika miezi 12 tangu uanze kuishi kule, baada ya hapo unafanya mtihani wao, pauni 62 ule wa barabarani peke yake. Na mtahini anaweza kukufungulisha boneti umwonyeshe oili inapimwa wapi na umweleze unaipimaje. Hakuna wa kukwambia ukae kivulini.

Lakini nisiwe mnafiki. Juzi IST ilizima katikati ya Mandela Road, kabla sijashuka vijana wanne walikuwa wameshaisukuma pembeni na mmoja anauliza, "Dada, betri au wese?" Kule nimewahi kukaa kando ya barabara usiku, watu wanapita tu, nikisubiri gari la kuvuta la bima.

Nimemnunulia mdogo wangu kulanti ya kuchanganya na maji ya betri yasiyo na asidi. Ameshukuru sana. Anasema Jumatatu atampelekea fundi aimimine.