Kwa nini Wachina wanazipenda tamthilia za Kikorea?

Watu husema ni sura nzuri tu. Sikubali! Nikiwa Guangzhou, mji wa kusini mwa China, nilimkuta mama mwenye nyumba wangu, mtu mzima kabisa, anafuta machozi mbele ya runinga kwa sababu mkwe wa Kikorea amepiga magoti kumwomba radhi mama mkwe wake. Heshima kwa wazee, ukoo mzima mezani, mafunzo ya Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China: anajiona mle mle. Ndiyo maana tamthilia ya Kikorea Dae Jang Geum, iliporushwa na kituo cha China, Hunan TV, mwaka 2005, ilitikisa China. Vijana nao wana yao. Mwaka 2014, tamthilia ya My Love from the Star iliwapa hamu ya kuku wa kukaanga na bia, wakajaa migahawani. Kisa? Dada mmoja wa kwenye tamthilia anapenda kula hivyo theluji ikianguka!