Maksi hazijatoka, na mkono hautulii

Umefungua mfumo wa chuo, na mahali pa alama pana kistari kilekile cha jana. Umeufunga. Baada ya dakika kumi umeufungua tena, ingawa unajua fika kwamba hakuna mhadhiri anayepandisha alama usiku wa manane. Alama mbaya bado haipo, kwa hiyo huwezi kuihuzunikia wala kuirekebisha. Unachougua ni kutojua.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio ambalo watu walikisia kama chini ya jiwe kwenye skrini kuna nyoka. Nyoka akiwapo, mkono ulipigwa shoti ya umeme. Msongo ulifika kileleni pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu, ukazidi hata ule wa mtu aliyejua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Ndiyo maana "usiwaze, utafaulu tu" haimtulizi mtu: swali linabaki palepale, na anayekufariji naye hana jibu. Kinachowezekana ni kulipunguza swali lenyewe, kisha kupunguza mara unazolichokonoa.

Tuanze na ukubwa wake, maana hapa ndipo penye nafuu kubwa na ndipo wengi hawagusi. Chukua mwongozo wa kozi, karatasi na kalamu. Tafuta uzito wa kazi uliyowasilisha. Andika makadirio matatu ya alama: ya chini kabisa unayoiamini, ya kati na ya juu. Tuseme insha yako ina uzito wa asilimia 20 ya kozi. Ukipata 55, inachangia alama 11. Ukipata 65, inachangia 13. Zile alama 10 zinazokukosesha usingizi ni alama 2 kwenye kozi nzima, na kama mwaka una kozi 8 zenye uzito sawa, ni robo ya alama kwenye wastani wa mwaka.

Kisha piga hesabu kwa kurudi nyuma. Kozi ambayo kazi zake zina uzito wa 40 na mtihani 60, ukiwa na 52 kwenye kazi, umeshaweka kibindoni 20.8. Ili ufikishe 60, mtihani ulete 39.2 kati ya 60, yaani kama asilimia 65. Ili ufaulu tu, ikiwa kima cha kufaulu ni 40, unahitaji 19.2, ambayo ni asilimia 32. Sasa hofu ina namba, na namba unaweza kuipangia ratiba ya kusoma.

Makosa ya hesabu hii ni matatu. La kwanza ni kujumlisha alama bila kuzizidisha kwa uzito wake. La pili ni kusahau makato ya kuchelewa kuwasilisha. La tatu ndilo baya zaidi: baadhi ya kozi zinataka ufaulu kila sehemu peke yake, hivyo mtihani mzuri hauokoi kazi iliyofeli. Sentensi hiyo mara nyingi imejificha mwishoni mwa mwongozo, itafute. Na hesabu ifanye mara moja tu, ibandike ukutani. Ukiirudia kila jioni imeshageuka kuwa namna nyingine ya kuchungulia.

Je, makadirio ya chini yanaangukia kwenye kufeli? Basi soma leo kanuni za kurudia kazi: tarehe yake, na kama alama ya marudio inakomea kwenye kima cha kufaulu, jambo ambalo ni la kawaida vyuoni. Andika sentensi moja: "Nikipata chini ya 40, siku ya kwanza ya kazi saa nne asubuhi nitamwandikia mratibu wa kozi kuulizia marudio." E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika huacha kuingilia fikra mtu anapoliwekea mpango mahususi, hata kabla hajalitekeleza. Mpango usio na siku wala saa haufanyi kazi hiyo.

Sasa kuchungulia. Kila ukifungua mfumo na kukuta kistari, unapata ahueni ya dakika chache: angalau si mbaya. Ahueni hiyo ndiyo inayokurudisha. Isitoshe, jibu litakuja siku isiyojulikana, na zawadi inayokuja kwa wakati usiotabirika ndiyo inayomfunga mtu kwenye tabia kwa muda mrefu zaidi. Mashine za kamari zinakula kwa kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo usitegemee nia peke yake, weka vizuizi. Futa nywila iliyohifadhiwa kwenye simu. Toka kwenye akaunti kila unapomaliza kuangalia. Panga nyakati mbili kwa siku, mimi naona saa saba mchana na saa kumi jioni zinafaa, siku za kazi tu. Usiangalie ukiwa bado kitandani asubuhi, kwa sababu utaibeba hali hiyo darasani, wala usiku, kwa sababu ukikuta jambo la kutatanisha hakuna ofisi iliyo wazi ya kuuliza na utakesha nalo.

Mpango huu huvunjika kwa namna moja hasa: mtu anaandika "zimetoka!" kwenye kundi la darasa, nawe unakimbia. Zima sauti ya kundi, umwombe rafiki mmoja mwaminifu akupigie pale tu atakapokuwa ameiona alama yake kwa macho yake. Ukiteleza na kuangalia nje ya saa, usiutupe mpango mzima. Rudi kwenye saa inayofuata. Na hamu ikikubana, andika saa uliyoisikia, ngoja dakika 10 huku ukifanya kitu cha mikono. Hamu hupanda, kisha hushuka, hata usipoitii.

Kinachochosha zaidi ni kusoma maana kwenye ukimya. Kuchelewa kwa alama hakusemi lolote kuhusu kazi yako. Katika vyuo vingi msahihishaji wa kwanza akimaliza, mwenzake hupitia sampuli, hasa zilizofeli, zilizo mpakani na zilizopata juu sana. Wakitofautiana wanakaa kupatana, na mara nyingine mtahini wa nje naye huangalia. Alama unazoziona kabla ya kikao cha bodi ya mitihani ni za muda. Mwenzako akipata zake kabla yako, huenda kazi zenu zilisahihishwa na watu wawili tofauti.

Tafuta ahadi ya chuo kuhusu siku za kurudisha kazi, na uhesabu siku za kazi. Siku 20 za kazi ni wiki nne kamili, na sikukuu zikiingia zinarefuka. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda na uongeze siku tatu. Ikipita, andika barua pepe fupi: "Habari za kazi, Daktari. Niliwasilisha insha ya kozi hii tarehe fulani. Mwongozo unataja siku 20 za kazi, nazo zimeisha tarehe fulani. Naomba kujua alama zinatarajiwa lini. Ahsante." Usiulize kama umefaulu. Wakati alama bado zinapitiwa, kwa kawaida mhadhiri haruhusiwi kukujibu hilo, na utabaki unachambua maneno yake kama mganga anayesoma ramli.

Mawazo yenyewe hayafukuziki, ila yanaahirishika. Njia ya Thomas Borkovec na wenzake, iliyochapishwa 1983, ni kutenga nusu saa ya wasiwasi kila siku, mahali palepale na saa ileile. Wazo likija mchana, liandike kwa maneno mawili matatu, liambie saa yake, urudi kwenye ulichokuwa unafanya. Saa ikifika, kaa na orodha. Yenye hatua ya kuchukua, andika hatua. Yasiyo na hatua, yaache mpaka kesho. Usifanyie kitandani, na isiwe karibu na kulala. Siku za mwanzo utaahirisha wazo lilelile mara ishirini. Ni kawaida, usidhani umeshindwa.

Kwa mwili, pumzi za taratibu kama sita kwa dakika: vuta sekunde 4, toa sekunde 6, kwa dakika 5. Wanaopata kizunguzungu au ganzi ya vidole wanavuta pumzi kubwa mno na kupoteza hewa ya kaboni kupita kiasi. Iwe ndogo, kupitia puani. Kahawa nayo ipunguze: nusu ya kafeini ya saa kumi jioni kwa kawaida bado imo mwilini saa tatu usiku.

Lakini nisikudanganye kwamba haya yote yatafuta wasiwasi. Mwanasaikolojia Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, pamoja na wenzake, aliwafuatilia wahitimu 230 wa sheria waliosubiri matokeo ya mtihani wa uwakili kwa miezi minne. Mbinu walizojaribu za kujituliza hazikuwaondolea dhiki, ila waliohangaika wakati wa kusubiri waliyapokea matokeo vizuri zaidi. Katika kazi zake za baadaye, kilichosaidia ni shughuli inayokumeza mpaka ukasahau saa. Filamu inayojiendea huku umeshika simu haitoshi. Tafuta kitu chenye lengo wazi, kigumu kidogo kuliko ujuzi wako, na unachoona kinasonga.

Ukikosa usingizi au hamu ya kula zaidi ya wiki mbili, au ukaacha kuingia darasani, nenda kwa mshauri wa wanafunzi au daktari. Wazo la kujidhuru likikujia, nenda siku hiyohiyo, usingoje maksi.

Usiisome tena kazi uliyowasilisha. Utakuta kosa la tahajia ukurasa wa pili na halitarekebika. Badala yake, andika leo kwa kumbukumbu kasoro tatu unazozijua za kazi hiyo, uiweke karatasi kando. Siku alama zitakapotoka, fungua ukiwa umekaa, mchana, maoni ya msahihishaji yakiwa mbele yako, na uyalinganishe na karatasi ile. Ukiona alama haikubaliki, andika malalamiko lakini yatume kesho yake, baada ya kujumlisha tena alama za kila sehemu: kosa la kujumlisha au utaratibu kukiukwa hukubalika kama sababu ya rufaa, ila kutokubaliana na maoni ya msahihishaji, kwa vyuo vingi, hakukubaliki. Dirisha la rufaa ni fupi, kwa hiyo tarehe ya mwisho iandike kwenye karatasi hiyohiyo.