Betri imejaa, kamera inazimika: nilivyoiokoa Canon 60D yangu

Kama kamera yako inazimika ghafla huku alama ya betri inaonyesha imejaa, usikimbilie dukani kununua betri. Nalisema hili kwa uchungu, maana karibu kila niliyemweleza tatizo langu alinijibu neno moja, betri, na wachache waliobaki wakasema mazabodi, yaani bodi kuu ya umeme ndani ya kamera. Hakuna hata mmoja aliyegusa mlango wa betri.

Yangu ni Canon EOS 60D, toleo la 2010, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Hapa Tanga imenilishia familia kwa harusi, sendoff, mahafali na picha za paspoti, kwa hiyo ilipoanza kusumbua nilikosa usingizi. Ilikuwa inawaka vizuri, napiga picha kadhaa, halafu kioo cha juu kinafutika bila onyo lolote. Nikiizima na kuiwasha inarudi. Siku nyingine hairudi mpaka nitoe betri na kuipachika upya. Katika harusi moja ilikata bibi harusi akiwa anamlisha mama mkwe keki, na mpiga picha mwenzangu ndiye aliyeniazima kamera yake nikamalizia shughuli.

Ushauri niliopewa baada ya hapo! Mmoja aliniambia niilaze betri kwenye friji usiku kucha. Kwa mji wa pwani wenye unyevu kama huu, kitu kikitoka kwenye ubaridi kinalowa chenyewe, na mimi nikaingize hicho kwenye kamera? Mwingine akaniambia niitumie mpaka ife kabisa ndipo niichaji saa nane mfululizo. Huo ni ushauri wa betri za zamani za nikeli. Betri ya 60D ni LP-E6, ya lithiamu, volti 7.2 na mAh 1800 (kiasi cha chaji inachobeba). Chaja yake inaijaza kwa saa mbili na nusu hivi na kuacha yenyewe, na kuikamua mpaka sifuri kila mara ndiko kunakoichakaza. Fundi niliyempelekea naye hakuifungua wala kuigeuza. Aliiwasha, ikazima, akasema, "Kaka, hii mazabodi imeshakula shoti. Niachie laki mbili na kitu nikutafutie nyingine." Nikamwambia, "Asante fundi, ngoja nijipange," nikaondoka na kamera yangu.

Nikaamua kuanza kwa kutenganisha betri na kamera, kwa sababu ukiviacha pamoja utabahatisha tu. 60D ina ukurasa wa taarifa za betri kwenye menyu, na wengi wanaoimiliki hawajawahi kuufungua. Unakupa asilimia iliyobaki, idadi ya picha zilizopigwa tangu betri ichajiwe, na vibao vitatu vya kuonyesha inavyopokea chaji. Vikiwa vyote vya kijani, betri ni nzima. Kikitokea chekundu, inakuomba uitafutie mbadala. Betri yangu ya kwanza ilikuwa na kijani vitatu, ya pili nyekundu. Lakini kamera ilizimika kwa zote mbili sawasawa, na hilo likanifikirisha.

Nikaazima mita ya fundi umeme nikapima ile nzima ikiwa imetoka kwenye chaja, ncha moja kwenye + na nyingine kwenye −. Ikasoma volti 8 na ushei, na ndivyo inavyotakiwa, kwani ndani kuna seli mbili na kila moja ikijaa inafika 4.2. Kisha nikamwomba yule mpiga picha mwenzangu tubadilishane betri, maana Canon 7D yake inakula LP-E6 hiyo hiyo. Betri yangu ikafanya kazi kwake jioni nzima. Yake ikazimika kwangu kabla sijakunywa chai. Hapo kesi ya betri nikaifunga.

Hata tabia yenyewe ilikuwa inasema. Betri iliyochoka inakuaga: alama inapungua, inapepesa, kamera inafunga shata (kile kipazia kinacholia ukipiga picha) kwa uvivu, na ukiipumzisha kidogo inakupa picha mbili tatu. Yangu ilikuwa inakatika kama taa iliyozimwa ukutani, asilimia ikiwa tisini na kitu.

Nilisafisha vyuma vya betri na vya lenzi kwa pamba yenye spiriti kidogo, kwa sababu hewa ya chumvi hapa hula kila kitu. Vilitoka uchafu, lakini tatizo likabaki palepale. Kilichonifungua macho ni kwamba kamera ikiwa juu ya stendi ilitulia, ila nikiishika wima kwa ajili ya picha ya mtu mmoja, inakata. Na mlango wa betri uko chini kabisa ya kishikio, pale pale kiganja kinapokandamiza. Nikauminya mlango kwa kidole gumba. Ikawaka. Nikaachia, ikazima. Nikaminya tena, ikawaka. Nilirukaruka sebuleni mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Hizi Canon zina kiswichi kidogo kinachoiambia kamera kwamba mlango umefungwa. Mlango ukifunguliwa, kamera inajizima kabla betri haijachomolewa. Kinachokibonyeza ni kijimwiba cha plastiki kwenye mlango, na changu kilikuwa kimelika kwa miaka ya kufungua na kufunga. Kwa hiyo kamera iliamini kila mara kuwa nafungua mlango. Nilithibitisha kwa kijiti cha meno: betri ndani, mlango wazi, nikabonyeza kiswichi taratibu, kamera ikawaka na kubaki inawaka. Tumia mti au plastiki, usithubutu kuingiza pini ya chuma humo.

Dawa ya kwanza ilikuwa karatasi. Nilikunja kipande cha boksi la dawa, nikakipunguza kwa wembe mpaka kikakaa juu ya kijimwiba, nikafunga mlango kwa kuusukuma kidogo. Ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba nilikwenda nayo kwenye mahafali na sikupata tatizo mpaka mchana. Jua likapanda, kiganja kikatoka jasho, karatasi ikalainika na kubonyea, na kamera ikarudia yale yale. Nikaongeza kipande kingine juu yake pale pale uwanjani, safari hii kikawa kinene mno, mlango ukagoma kufunga, nikapiga sehemu iliyobaki nimeuzungushia utepe wa gundi wa karatasi. Wazazi walikuwa wanaiangalia ile kamera kwa wasiwasi, lakini picha zilitoka zote.

Plastiki ndiyo iliyomaliza kazi. Kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa milimita 0.76, na ni ngumu, haiogopi jasho. Nilikata kipande kidogo kuliko punje ya mchele, nikakisugua kwa msasa mpaka kikatoshea. Mlango wa 60D unatoka wote bila bisibisi, kwa sababu umetengenezwa utolewe pale mtu anapofunga kishikio cha ziada cha betri. Utoe, ugundishie mbali na kamera, na uuache ukauke mpaka kesho yake, maana mvuke wa supaglu huacha ukungu mweupe na hutaki huo ukaribie lenzi. Gundi niliinunua kwa pesa ya soda, kadi ilikuwa inalala kwenye droo. Laki mbili za mazabodi zimebaki mfukoni.

Baadaye niliagiza mlango mpya kutoka Dar, elfu kumi na kitu pamoja na usafiri, na ninao kwenye begi kama akiba, kwa sababu kile kipande cha kadi bado kinashika. Betri yenye alama nyekundu niliibadilisha kweli. Wakati wa kununua nilikwenda na kamera dukani nikaiweka na kufungua ule ukurasa wa menyu. Zile za bei chee zenye mAh nyingi kwenye lebo zilikataa kuonyesha asilimia, nikaziacha. Kifuniko cha LP-E6 nacho kina tundu lenye umbo la betri: ukikivisha upande mmoja tundu linaonyesha rangi ya buluu, ukikigeuza rangi inafichika. Buluu kwangu ni iliyojaa, na gizani ukumbini sihitaji kukumbuka ipi ni ipi.

Tangu habari isambae, vijana wananiletea kamera zao. Juzi nimeletewa Nikon D3100 iliyokuwa imezimika kabisa, mwenyewe kashaambiwa mazabodi. Mlango ulikuwa mzima, ila vyuma vya ndani vilikuwa na kutu ya kijani. Spiriti, pamba kwenye kijiti, subira kidogo, ikawaka. Nimemwambia asiilaze tena ndani ya begi lenye unyevu betri ikiwa ndani, na akae na mlango wake vizuri asiulazimishe kufunga.