Ndoo ya samadi na maji ya duara: siku ya 61

Waya wa shaba niliouning'iniza kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji la ndoo yangu ya samadi, ninayojaribu kusafishia maji machafu ya mgodi, jana jioni ulikuwa unang'aa. Asubuhi hii nimeukuta mweusi kama masizi. Mama watoto anachojua yeye ni kwamba uani kunanuka mayai viza. Mimi nimechekelea, maana uvundo huo ndio niliokuwa nautafuta miezi miwili.

Maji ninayohangaika nayo yanatoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, lililoachwa huku kwetu Geita. Mwamba wake una yale madini ya salfaidi (chuma kilichoshikana na salfa) yanayometameta na kuwadanganya wageni kuwa ni dhahabu. Yakikaa chini hayana neno. Yakichimbuliwa yakakutana na hewa na maji, yanazaa asidi ya salfa na kuachia chuma, na wapo bakteria wanaoishi kwa chuma hicho wakaichochea kazi hiyo iende mbio. Mtaro umegeuka rangi ya chungwa, chura hakai. Karatasi ya pH, ya kupimia asidi, inasoma 3; maji yasiyo na asidi husoma 7, na namba ikishuka asidi imezidi.

Ninaowafuga mimi ndani ya ndoo ni bakteria wa kabila jingine, wasiotaka hewa kabisa. Badala ya oksijeni wanatumia salfeti, ile salfa iliyoyeyuka kwenye maji hayo, wanakula uozo wa mimea, na wanachotoa ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye huo uvundo wa mayai viza. Gesi hiyo ikikutana na shaba au chuma kilichoyeyuka, vinashikana vikawa unga mweusi unaobaki ndani ya ndoo. Na asidi nayo inapoa.

Ndoo ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilijaza maranda na kokoto za chokaa, nikamwaga maji ya duara siku ileile. Kokoto zikavaa koti la kutu ndani ya wiki moja, na chokaa iliyovaa kutu haifanyi kazi tena. Maranda matupu nayo ni chakula kigumu, huoza polepole mno.

Ya pili nikatulia. Samadi ya ng'ombe sehemu mbili, maranda sehemu mbili, chokaa sehemu moja, na kopo la tope jeusi kutoka jaruba la mpunga, lile linalotoa mapovu ukilikanyaga. Hilo tope ndiyo mbegu. Nikajaza maji ya kisima, nikafunika, nikaacha wiki mbili bila kugusa. Ndipo nikaanza kuingiza maji ya duara tone kwa tone, kwa mpira wa dripu wenye kile kigurudumu cha kupunguzia. Bakteria hawa ukiwamwagia asidi kwa pupa wanakufa.

Siku ya 40 maji yanayotoka yalisoma 5. Leo ni 6 na ushee.

Kupima chuma sina mashine, natumia chai. Chai kavu nzito kwenye vikombe viwili vibovu nilivyovitenga. Ukitia maji ya mtaroni, inageuka wino papo hapo. Ukitia ya ndoo, inafifia kidogo tu, inabaki chai. Mwanangu mdogo alitaka kuonja, nikavunja vikombe vyote viwili. Maji haya si ya kunywa; hata kabla ya kuyamwaga nayapitisha juu ya mawe yapate hewa kwanza. Na ndoo inakaa uani, haiingii ndani hata mvua ikinyesha. Gesi hii ni sumu, na ikizidi pua inakufa ganzi, husikii harufu tena.

Jana nilichota kijiko cha uchafu wa chini. Mweusi tititi. Nikauacha juu ya kipande cha bati, kufika saa tisa umeshakuwa kahawia kama kutu ya kawaida. Kwa hiyo siku ndoo ikichakaa siwezi kuutupa ovyo, hewa itaurudisha ulikotoka.

Shemeji yangu ana mwalo wake, sehemu ya kuoshea mawe na kuchenjulia dhahabu. Kaja na dumu la maji ya marudio, yaani ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, anataka niyapitishe humu. Nimemkatalia. Kule wanatumia zebaki kunasia dhahabu, na bakteria hawahawa wanaweza kuigeuza ikawa methili-zebaki, ile inayojikusanya kwenye samaki, iliyolemaza watu wa Minamata kule Japani, ugonjwa uliogunduliwa mwaka 1956. Mtaro wa mwalo wake unaelekea ziwani.

Kanuna, kaondoka. Dumu kaliacha mlangoni. Nimelikaza mfuniko na kuliandika kwa kalamu ya wino mzito: USIGUSE.