Lenga-lenga za mama mkwe na alama ya jumlisha kwenye kadi ya damu

Mwezi wa tisa niliunguza lenga-lenga, yaani mchicha, za mama mkwe. Kiwanja chetu cha Bagira, mjini Bukavu, ni mteremko mtupu: mvua ikinyesha, kila kitu kinataka kuhamia kwa jirani. Yeye ameshikilia mistari minne ya mboga kwa mawe aliyoyabeba mwenyewe. Mimi nikaweka mkojo wa nyumba nzima ndani ya bidoni la njano la lita 20, nikalifunga wiki tatu, kisha nikaumwaga bila kuuchanganya na maji, saa sita mchana. Siku ya tatu majani yalikuwa yamejikunja, rangi ya tumbaku.

"Mama Bahati," akaniambia, "kule labo wanawafundisha kuua mboga?"

Nikanyamaza. Nafanya kazi labo, ndiyo, napima damu. Jibu nililomnyima siku ile ni refu.

Mkojo wa leo una urea. Ukilala ndani ya bidoni, vijidudu huivunja ikawa amonia, ile inayotoboa pua ukifungua kizibo. Udongoni sehemu kubwa yake hushika protoni moja, kijichembe chenye chaji chanya ya umeme, na kuwa amoniamu, chenye chaji chanya. Mmea unakitaka kwa sababu ya naitrojeni yake. Shida ni namna ya kukiingiza: utando wa seli ni mafuta, na kitu chenye chaji hakipenyi mafuta. Kwenye maji ya pH 7, yasiyo asidi wala besi, hata 1 kati ya 100 haibaki amonia tupu. Kwa hiyo mzizi una milango, protini ziitwazo AMT. Zinakaa tatu tatu kama mafiga, ila njia haipiti katikati yao: kila figa limetobolewa tundu lake.

Hapa ndipo ninapopapenda. Amoniamu na potasiamu vinakaribiana sana kwa ukubwa, na udongoni potasiamu ipo tele. Mlango unaopima unene tu ungedanganywa kutwa. Mwaka 2004 watafiti walipochora umbo la ndugu wa mlango huu, AmtB wa bakteria E. koli, walikuta tundu jembamba lenye kuta zinazokataa maji, na ndani yake histidini mbili, vipande vya protini yenyewe, zimekaa bega kwa bega. Anayetaka kupita lazima avue kitu. Amoniamu huvua protoni yake, hupita ikiwa amonia tupu, na protoni hupitishwa kwa njia yake ya pembeni, juu ya molekuli za maji zilizopangana, kisha vinakutana tena ndani. Potasiamu haina cha kuvua. Inabaki nje na chaji yake.

Na mlango unajua kufungwa. Amoniamu ikizidi, mzizi hubandika fosfeti, kikemikali kidogo cha fosforasi, kwenye mkia wa AMT. Mkia huo umemwegemea jirani, basi ukibandikwa mmoja, mafiga yote matatu hufunga. Lakini bidoni zima, tena na chumvi zake zote, juani! Hapo hata mlinzi hodari anazidiwa.

Sasa nije kwa damu. Kila asubuhi naweka tone la damu kwenye kigae cheupe, naongeza tone la anti-D, dawa ya kupimia rezusi, natikisa taratibu. Likishikana vipande vipande, naandika jumlisha: rezusi chanya. Nimeandika hivyo miaka kumi na moja bila kujiuliza hiyo rezusi inafanya nini kwenye chembe nyekundu. Nilidhani ni alama tu, kama kovu la chanjo.

Kumbe ni ukoo mmoja na milango ya lenga-lenga. Mwaka 1994 huko Bruxelles Anna Maria Marini na wenzake walitambua jeni ya mlango wa amoniamu wa hamira, na mwaka huohuo kundi lingine likapata ya mmea mdogo Arabidopsis: walichukua hamira isiyoweza kukua kwenye amoniamu kidogo, wakaipa jeni ya mmea, ikakua. Mwaka 2000 Marini na wenzake waliipa hamira kama hiyo jeni za binadamu, RhAG ya chembe nyekundu na ndugu yake wa kwenye figo, RhCG. Ikakua pia! RhD, ndiyo hiyo rezusi tunayoipima sisi, imekaa ubavuni mwa RhAG, na asiye nayo anaishi vizuri, ila mimba na kuongezewa damu ndivyo humletea mashaka.

Yule wa figo ana kazi inayorudi kwenye bidoni langu. Figo hutengeneza amonia kutokana na glutamini, kiungo kimoja cha protini, na RhCG huisaidia kutoka hadi kwenye mkojo, inakobeba asidi ya mwili kwenda nje. Panya walioondolewa jeni hiyo hushindwa kutoa asidi ipasavyo. Kwa hiyo protini za mlango huohuo zilisaidia kutoa amonia kwenye figo zetu, na binamu zao walikuwa wanaingoja kwenye mizizi chini ya mteremko.

Jumapili nilimweleza mama mkwe, mpaka kwenye mafiga. Alisikiliza huku akichambua maharagi.

"Na mimi nina huo mlango?"

"Unao, mama."

"Basi," akasema, akanisukumia ndoo kwa mguu, "kopo moja la mkojo, makopo kumi ya maji. Na jioni."