Damu Salama, Mgonjwa Siye

Ndugu wa mgonjwa wakiambiwa anahitaji kuongezewa damu, swali la kwanza huwa ni Ukimwi. Wana haki ya kuuliza, ndiyo maana kila uniti, yaani mfuko mmoja wa damu, hutakiwa kupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kutoka benki ya damu. Kinachonitisha mimi zaidi ni jina lililoandikwa kwenye chupa ya sampuli.

Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na B tangu utotoni, hata kama hajawahi kuongezewa damu. Mwekee damu ya A, na kingamwili hizo zitaanza kupasua chembe nyekundu ndani ya mishipa hapo hapo. Uniti nzima ina kama ml 450, lakini madhara huanza na mililita chache tu: presha inashuka, figo zinaumia, damu inashindwa kuganda. Karl Landsteiner alieleza makundi haya mwaka 1901, kwa hiyo hakuna fumbo la kisayansi hapa. Kosa hufanyika kitandani, na kalamu ikiwa mkononi.

Chukua wodi ya watoto msimu wa malaria. Watoto wawili kitanda kimoja, pengine ni mapacha, Kulwa na Doto, jina la baba moja, namba za faili zinafuatana. Nesi anawatoa damu wote wawili, anaweka chupa kwenye trei, anaitwa kwenye dharura, anarudi kuandika majina baadaye. Imeshaharibika. Krosimachi, kipimo cha maabara cha kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji, haitalinasa kosa hilo, maana maabara italinganisha kwa usahihi kabisa damu ya mtoto mwingine. Njia pekee ya kulinasa ni kundi lililokwisha kupimwa zamani, au sampuli ya pili iliyochukuliwa wakati mwingine.

Kwa hiyo ni mgonjwa mmoja, chupa moja, na jina liandikwe palepale kitandani baada ya damu kuingia chupani. Chupa zilizoandikwa majina mapema ni mtego. Weka majina matatu, namba ya faili, tarehe, saa na sahihi ya aliyechukua. Maabara wakikataa sampuli yenye jina moja tu, msiwanunie.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Ukisema "Wewe ni Juma Ally?", mgonjwa mwenye homa kali atajibu "ndiyo, daktari" kwa heshima tu. Uliza: "Unaitwa nani, majina yako matatu?" Kwa mtoto au aliyepoteza fahamu, muulize mama au ndugu, kisha linganisha na faili au bangili ya mkononi.

Damu ikifika wodini, wahakiki wawili. Kila mmoja asome mwenyewe. Mmoja kusoma na mwenzake kuitikia si uhakiki. Wasome jina, namba ya faili, kundi, namba ya uniti na tarehe ya mwisho wa matumizi. Wageuze mfuko taratibu: ukivuja, ukiwa na mabonge, au ukiwa na rangi ya zambarau au nyeusi, urudishwe.

Damu yenye CPDA-1 (dawa ya kuihifadhi isigande) hudumu siku 35 kwenye nyuzi 2 hadi 6, katika friji ya damu. Friji ya wodini yenye soda na chakula cha zamu ya usiku haifai, na damu ikigusa barafu chembe hupasuka. Ikishatolewa, ianze ndani ya dakika 30 na imalizike ndani ya saa 4, kwa sababu bakteria hupenda joto la wodi. Msiichovye kwenye maji ya moto. Uniti inayoingia polepole kwa mtu mzima haihitaji kupashwa. Tumia mpira wenye kichujio, na kwenye mpira huo ipite normal saline (dripu ya maji ya chumvi) tu, si dripu nyingine: Ringer ina kalsiamu inayogandisha damu, dextrose hupasua chembe.

Pima joto, mapigo na presha kabla ya kuanza. Dakika 15 za kwanza iende taratibu na usiondoke. Kutetemeka, homa, maumivu ya kiuno au mahali penye kanula (mrija mdogo ulio mshipani), wasiwasi wa ghafla, mkojo wa rangi ya Coca-Cola: funga damu mara moja. Usichomoe kanula. Badilisha mpira wote, weka saline, ita daktari, soma upya majina kwenye mfuko. Mfuko na mpira wake viende maabara pamoja na sampuli mpya kutoka mkono wa pili na mkojo wa kwanza.

Majina yasipolingana, pigeni simu maabara kabla ya kuandika ripoti yoyote. Chupa zikibadilishana, wagonjwa ni wawili, na yule wa pili huenda ndiyo kwanza anafungwa mpira wa damu yake.