Nilivyoipima kadi ya grafiki kabla ya kutoa pesa

Nilikuwa na laki tano na nusu, kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen 5 3600 juu ya mazabodi ya B450, na kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti ya GB 4 iliyokuwa imeelemewa. Gemu la magari la Forza Horizon 5 nilikuwa nalicheza kwa mipangilio ya chini kabisa, na bado gari likiingia mjini picha inaganda. Skrini yangu ni ya pikseli 1920 kwa 1080, hetsi 75, yaani inabadilisha picha mara 75 kwa sekunde. Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja: kadi gani ya daraja la kati itanipa fremu (picha) 75 kwa sekunde, zilizotulia, kwenye skrini hii, kwa pesa hii, nikiwa hapa Arusha?

Nasema zilizotulia kwa makusudi. Kwenye hetsi 75, kila fremu inatakiwa ifike ndani ya milisekunde 13.3. Kadi inaweza kukupa wastani wa fremu 100 kwa sekunde, lakini kila baada ya muda fremu moja ikachukua milisekunde 60. Wastani hautaonyesha kitu, ila jicho litaona na mkono utahisi. Ndiyo maana mimi naangalia asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya zile fremu mbovu kuliko zote katika kila mia. Programu ya CapFrameX inaipima bure.

Nilibaki na majina matatu: RX 580 ya GB 8, GTX 1660 Super ya GB 6 na RX 6600 ya GB 8. RX 6500 XT niliifuta mapema ingawa ni mpya kuliko zote tatu. Ina GB 4 tu na inatumia njia nne za PCIe, yaani mlango unaounganisha kadi na mazabodi, na mazabodi yangu ni ya PCIe 3.0. Kumbukumbu yake ikijaa, data inalazimika kupita kwenye kichochoro hicho chembamba, na hapo ndipo gemu linapoganda. RX 6600 nayo ina njia nane badala ya kumi na sita, lakini GB 8 zake zinaipa nafasi ya kupumua.

Kabla sijaenda popote nilifungua kasha nikasoma stika ya pawa saplai. Usisome ile namba kubwa ya wati, soma mstari wa volti 12, ndio unaolisha kadi. Yangu imeandikwa ampea 34, na 34 mara 12 ni wati 408. Rafiki yangu wa Kijenge anayo iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, ila mstari wa volti 12 una ampea 18, yaani wati 216. RX 580 peke yake inakula wati 185. Hiyo ya rafiki yangu ingezima katikati ya mechi.

Kadi ya kwanza niliikuta kwenye duka dogo jirani na Barabara ya Sokoine. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu.

"Kaka, hii ni RX 580 ya GB 8, chuma. Laki tatu na ishirini."

"Nimekuelewa mdogo wangu. Naomba tuiwashe kwanza hapa hapa mezani."

Hakukataa, na kwa hilo namshukuru. Nilitoa flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma undani wa kadi, nikaifungua. Pale penye idadi ya vichakataji palisomeka 2048. RX 580 kamili iliyotoka Aprili 2017 ina 2304. Ile yenye 2048 ilitolewa Oktoba 2018 kwa ajili ya soko la China, na kwa undani wake ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Sidhani kijana alikuwa akinidanganya, kwa sababu boksi lake pia liliandikwa RX 580 tu.

Nikaigeuza kadi chini ya taa. Kwenye ukingo wa bati la nyuma kulikuwa na mafuta yanayong'aa, yale yanayotoka kwenye pedi za joto zikishapikwa kwa miezi mingi. Feni moja ukiisukuma kwa kidole haizunguki ikafifia taratibu, inasimama ghafla kama imeshikwa. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanyishwa kazi usiku na mchana ziliingia kwenye soko la mtumba. Siwezi kusema hii ilitoka huko, ila mwili wake ulisema imefanya kazi sana. Tuliiachia gemu dakika ishirini, ikapanda hadi nyuzi 87, na kasi yake ikaanza kushuka kutoka megahetsi 1284 hadi chini ya 1150. Nikamrudishia kwa heshima.

RX 6600 niliipata kwa bwana mmoja wa Njiro aliyekuwa anahamia kadi kubwa zaidi. Alitaka laki nne na themanini. Nilimwomba jambo moja: aje nayo kwangu Sakina tuipime kwenye mashine yangu, maana kwake ilikuwa imezungukwa na vitu vizuri kuliko nilivyonavyo. Akaja Jumamosi asubuhi, akanywa chai, tukaanza.

Kwanza nilitoa draiva (programu za kuendesha kadi) zote za NVIDIA, watengenezaji wa kadi yangu ya zamani, kwa programu ya DDU, ndipo nikaweka za AMD, watengenezaji wa RX. Hatua hii watu wengi wanairuka, halafu wanalaumu kadi. GPU-Z ikaonyesha vichakataji 1792, sawasawa na inavyotakiwa. Waya wa pini nane mmoja, wati 132. Joto lilikuwa zuri: baada ya dakika arobaini na tano za Forza, nyuzi 64, na sehemu yenye joto kuliko zote 79.

Lakini ulikuwa mwezi wa saba. Arusha mwezi wa saba unavaa sweta ndani ya nyumba, na kipimajoto changu kilisoma nyuzi 18 chumbani. Februari mchana chumba hicho hicho kinafika 29. Joto la kadi hupanda karibu sawa na joto la chumba, kwa hiyo niliandika pembeni ya daftari: ongeza 11. Hapo 79 inakuwa 90, na AMD wanaruhusu sehemu hiyo ifike 110. Nikaridhika.

Kilichonitia wasiwasi ni gemu la GTA V. Wastani ulikuwa fremu 92, lakini asilimia 1 ya chini ilikuwa 47. Ukikata kona kwa kasi, picha inaganda waziwazi. Yule bwana alinyamaza. Nami nilijua akiondoka na kadi yake sitampata tena kirahisi.

Nikafungua HWiNFO, programu inayoonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani, tukaangalia pamoja. Wakati picha inaganda, kadi ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 60 tu. Kadi iliyoshindwa inakuwa 97 au 99. Hii ilikuwa imekaa inasubiri. Nikageuza macho kwenye mashine yangu mwenyewe: RAM (kumbukumbu ya kompyuta) ya GB 16, kijiti kimoja. Ryzen ina njia mbili za kumbukumbu, na mimi nilikuwa nimeifungulia moja.

"Mkuu, nyumbani nina vijiti viwili vya GB 8," akasema. "Nivifuate?"

Alikwenda na kurudi kwa bodaboda. Tukaweka vijiti kwenye nafasi ya pili na ya nne, nikawasha XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, tukarudia barabara ile ile ya GTA V mara tatu. Wastani 111. Asilimia 1 ya chini ikapanda hadi 76. Sikubadilisha kitu kingine chochote.

Nilimlipa laki nne na sabini kwa kadi, na vijiti tukabadilishana na changu nikamwongezea elfu thelathini. Siku ile ile nikaiwekea Forza kikomo cha fremu 75 kwa mipangilio ya juu, na kadi ikaacha hata kupiga kelele.

Februari, saa tisa alasiri, dirisha limefunguliwa na vumbi la barabarani linaingia, nilirudia kipimo cha dakika arobaini na tano. Chumba nyuzi 29, sehemu yenye joto kuliko zote nyuzi 91. Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Moshi kwa likizo. Aliniuliza kwa nini naandika namba kwenye daftari wakati gemu linakwenda vizuri. Nikamwonyesha ukurasa wa Julai, kisha nikampa usukani.